Kasuku wa marehemu baba anazungumza kwa sauti yake, na mama anamwomba ushauri

BARUA

Mshauri, assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Ujiji, mkoani Kigoma. Mimi ni mtoto wa kwanza katika familia ya watoto watatu, nimeolewa na nina watoto wawili, na kazi yangu ni ualimu wa sayansi katika shule ya msingi. Jambo langu huenda likakuchekesha, kwa maana kila niliyejaribu kumweleza alicheka kwanza, kisha akanitazama vizuri na kuona kwamba sitanii.

Baba yetu alifariki mwaka jana mwishoni mwa masika. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Alinunua kwa wakamuaji wa vijijini, akajaza madumu na mapipa katika stoo iliyo nyuma ya nyumba, akasubiri bei ipande ndipo apakie mzigo wa kwenda Tabora na Mwanza. Zamani, nikiwa mtoto na mdogo wetu wa mwisho bado hajazaliwa, mtu mmoja wa ng'ambo ya ziwa aliyekuwa akidaiwa na baba alimlipa sehemu ya deni kwa kasuku, yule wa rangi ya kijivu mwenye mkia mwekundu. Baba alimpenda ndege yule kupita kiasi. Kila alfajiri akirudi msikitini alimsalimia, akampa chikichi, akasimama naye barazani akimfundisha maneno, na sisi tuliokuwa tukijiandaa kwenda shule tulipita pembeni yao bila kuulizwa chochote.

Baba alipofariki kasuku alinyamaza. Siku zote za msiba, nyumba ikiwa imejaa watu, hakutamka neno, akawa anajing'oa manyoya ya kifuani hadi ngozi ikaonekana. Arobaini ilipopita na wageni wakaondoka, usiku mmoja tulimsikia baba akikohoa barazani. Sisemi kwamba tulisikia mtu anayefanana na baba. Kilikuwa kikohozi chake kile cha mara mbili, halafu akasafisha koo, halafu akauliza, kama alivyouliza maisha yake yote, "Nani kachukua funguo?" Mama, ambaye alikuwa bado yuko kwenye eda, alitoka chumbani mbio akiwa peku, akaanguka magoti mbele ya tundu.

Tangu usiku ule mama ameamini kwamba baba amerudi na yumo ndani ya ndege. Tundu limehamishiwa chumbani kwake. Chakula kikiiva, kasuku hutengewa kwanza. Usiku humsikia mama akimsimulia mambo ya mchana, nani kaja, nani kaposwa, bei ya dagaa imefikia wapi, na ndege naye hujibu kwa kikohozi, au kwa jina la mama, au kwa kucheka kicheko cha baba.

Yote hayo tungeyavumilia. Lakini baba aliacha deni la shilingi milioni sita kwa mfanyabiashara mwenzake, deni lililoandikwa na linalojulikana. Mdogo wangu wa kiume anataka tuuze shamba la michikichi lililoko upande wa Simbo, tulipe, na kitakachobaki anunue mashine ya boti. Mama alimwuliza kasuku mbele yetu, "Mzee, niuze?" Kasuku akajibu waziwazi, "Usiuze." Mama akatugeukia na kusema kwamba mwenye mali amekwisha kusema. Ameulizwa zaidi ya mara moja, na jibu ni lilelile.

Shekhe wa mtaani kwetu alipopata habari alimwambia mama kwamba anachoamini ni kufuru. Mama alilia, na sasa hataki kumwona. Kwa upande mwingine mama mkubwa, dada yake mama, anasema kwamba kwa wazee wao wa Kimanyema marehemu kurudi kuitazama nyumba yake si jambo geni, na amemleta mtaalamu ambaye anadai shilingi laki nne ili "amfungue" baba. Mdogo wangu naye amempata mtu mjini aliye tayari kumnunua kasuku kwa bei nzuri na kumvusha mpaka. Mpango wake ni huu: mwisho wa mwezi nimpeleke mama Kasulu kwenye harusi ya mpwa wetu, naye amtoe ndege, kisha tumwambie mama kwamba tundu lilikuwa wazi na ameruka. Anasubiri nikubali.

Ningekuwa nimekwisha kukubali, Mshauri, kama si jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa mtoto baba aliniita kwa jina la utani ambalo alikuwa nalo yeye peke yake, na aliliacha siku nilipoolewa. Mwezi uliopita nilikuwa namwekea kasuku maji, akainamisha kichwa, akaniita kwa jina hilo, kwa sauti ya baba akiwa kijana. Nilidondosha kikombe. Nikienda kulala kwa mama sasa huwa naamka usiku kusikiliza kama ataniita tena. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kwamba kila jambo lina sababu yake.

Naomba unisaidie. Je, yawezekana baba yumo mle? Kama yawezekana, si tunataka kumuuza baba yetu? Na kama haiwezekani, kwa nini siwezi kumwambia mdogo wangu ndiyo?

Mtoto wa Kwanza,
Ujiji

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole kwa msiba ambao naona bado haujaisha nyumbani kwenu. Sikucheka. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale mama alipotoka peku.

Nikikuelewa vyema, umeniletea mambo matatu yaliyofungwa katika furushi moja. Kuna suala la imani, kama roho ya baba imo ndani ya ndege. Kuna suala la mali, kwamba shamba liuzwe au lisiuzwe na deni la marehemu lilipwe vipi. Na kuna suala la uaminifu, kama umsaidie mdogo wako kumdanganya mama. Umeandika kana kwamba la kwanza likipata jibu, mawili yanayofuata yatajimaliza yenyewe. Hapo ndipo ninapotaka tutulie, kwa sababu sina hakika kwamba ndivyo yalivyo.

Tuanze na imani, na tuianze kwa heshima, maana mama yako hakuzua jambo. Wahindu na Wabudha kwa mamilioni wanaamini kwamba kiumbe akifa huzaliwa tena, na kwamba anaweza kuzaliwa hata katika umbo la mnyama. Huko Ugiriki, katika karne ya 6 kabla ya Masihi, mwanafalsafa Pythagoras alifundisha vivyo hivyo. Mshairi Xenophanes anasimulia kwamba alipomwona mtu akimpiga mtoto wa mbwa alimkataza, akisema ameitambua sauti ya rafiki yake katika kilio kile. (Xenophanes aliisimulia kwa dhihaka, kwa hiyo unaona kwamba waliocheka hawakuanzia Ujiji.) Na hapa kwetu, nyumba ni chache ambamo mjukuu hajapewa jina la babu, kisha watu wakamtazama anavyotembea na kusema kwamba mzee karudi.

Dini yenu ina msimamo wake, na shekhe wenu hakuutoa kichwani mwake. Katika Surat Al-Mu'minun, aya ya 100, imeelezwa kwamba mbele ya waliokufa ipo barzakh, kizuizi, mpaka siku watakapofufuliwa, na wanazuoni wa Kiislamu hawakubali roho kuhamia mwili mwingine hapa duniani. Hata hivyo, Qurani hiyohiyo, katika Surat An-Naml, inasimulia kwamba Nabii Sulemani alifundishwa usemi wa ndege na kwamba ndege aitwaye hudhud alimletea habari za malkia wa Sabaa. Ipo pia hadithi iliyo katika Sahihi Muslim isemayo kwamba roho za mashahidi zimo katika ndege wa kijani huko peponi. Hayo hayamrudishi marehemu kwenye tundu la waya barazani, na mimi si shekhe wa kuyafasiri. Ninayataja kwa sababu nadhani mama hakuumizwa na mafundisho yenyewe, ameumizwa na neno moja zito aliloambiwa akiwa bado ndani ya eda. Shekhe huyohuyo, au mwingine mwenye subira zaidi, akimkalisha na kumsomea mambo haya kwa upole, huenda akasikilizwa. Huenda pia asisikilizwe, na mama akaona kwamba umemletea mwingine wa kumhukumu. Wewe ndiye unayejua anamwamini nani.

Lipo jambo moja katika imani yenyewe ambalo ningependa ulitazame, na sitaki ulitumie kumshinda mama kwa hoja. Wote wanaoamini kuzaliwa upya husema kwamba mtu hufa kwanza, kisha huzaliwa. Kasuku wenu alikuwa hai kwa miaka mingi baba akiwa hai, wakisalimiana kila alfajiri. Baba hakuweza kuzaliwa katika ndege aliyekuwa akimlisha kwa mkono wake. Kwa hiyo anachokiamini mama si kuzaliwa upya hasa, kiko karibu zaidi na ile imani ya marehemu kumwingia kiumbe au kumtembelea, na imani hiyo ndiyo inayomfungulia mlango mtaalamu wa laki nne. Sitamsema vibaya mtu nisiyemjua. Nakuuliza tu: akishalipwa, kisha kasuku akakohoa tena usiku unaofuata, atasema nini, na atadai kiasi gani?

Sasa tumtazame ndege. Kasuku wa kijivu ni wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, na Kongo, ng'ambo ya ziwa lenu, ndiko kitovu chake. Hana midomo kama sisi. Sauti yake hutoka kwenye kiungo kilicho chini ya koromeo, pale njia ya hewa inapogawanyika kuelekea kwenye mapafu mawili, naye huifinyanga kwa ulimi. Anaishi kwa makundi, na katika makundi hayo sauti ndiyo undugu: huiga sauti za wale anaowahesabu kuwa wake. Aliyetengwa na kundi akiwa mdogo na kuwekwa barazani pa watu huwafanya watu hao kuwa kundi lake, na hushika zaidi yale yanayosemwa kwa hisia au yanayofuatiwa na jambo, kama vile mtu anayeulizia funguo huku nyumba nzima ikihangaika. Akifugwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Kunyamaza kwake wakati wa msiba na kujing'oa manyoya ni mambo yanayofahamika kwa ndege hawa wanapompoteza waliyemzoea. Kwa maneno mengine, ninaamini kwamba ndege yule naye alifiwa, na alipoanza kukohoa kama baba huenda alikuwa akimwita.

Kuhusu lile jina lako, dada yangu, sitakwambia kwamba hukulisikia. Ulilisikia. Lakini kasuku alikuwapo barazani wewe ukiwa mtoto na baba akiwa na sauti ya ujana, na ndege hawa wanaweza kutoa neno ambalo halijasemwa nyumbani kwa miaka mingi, hasa kinapotokea kitu kilichokuwa kikiambatana nalo. Jiulize kama zamani kuna wakati ulikuwa wewe unayemwekea maji, na baba akasimama nyuma yako akikuita. Kama ndivyo, alichokurudishia ni asubuhi moja ya kweli ya baba yako, na sioni kwamba inapungua thamani kwa kuwa ilihifadhiwa na ndege.

Walimu wenzako wa sayansi wangetaka kujua kama anaelewa anachosema. Jibu si jepesi. Mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani alimnunua kasuku wa aina hii mwaka 1977, akamwita Alex, akamfundisha kwa miaka 30. Ndege huyo alitaja rangi na maumbo, na alihesabu hadi sita. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni mashine ya kurudia tu. Lakini kisa cha kifo chake mwaka 2007 kina funzo linalowahusu ninyi. Jioni ya mwisho alimuaga Pepperberg kwa maneno ya upendo na ya kuonana kesho, na asubuhi akakutwa amekufa, watu wengi wakasisimka. Maneno yale aliyasema karibu kila jioni mlango ulipokuwa ukifungwa. Kilichobadilika usiku ule ni masikio ya waliosikia.

Na hapo tunafika kwenye "Usiuze". Umeniambia mwenyewe, labda bila kukusudia, kwamba baba alikuwa akijaza madumu na kusubiri bei ipande. Ni mara ngapi katika maisha yake alisimama mlangoni mwa stoo, hatua chache kutoka kwa tundu, kijana wa dukani akimwuliza, "Mzee, niuze?", naye akajibu usiuze, bado? Mama sasa anauliza swali hilohilo, kwa maneno hayohayo, na anapata jibu la siku zote. Unaweza kujaribu kulihakiki hili kimya kimya. Kila ulalapo hapo, andika daftarini anachosema ndege na kilichosemwa au kusikika kabla yake. Tazama kama yapo maneno yoyote juu ya jambo lililotokea baada ya baba kufariki, au kama yote ni ya kale. Lakini tafadhali usimwoneshe mama daftari hilo ili kumwaibisha, na usitarajie kwamba likijaa utaacha kuamka usiku. Daktari W. Dewi Rees alipowahoji wajane na wagane 293 huko Wales, matokeo aliyoyachapisha mwaka 1971 yalionesha kwamba karibu nusu yao waliwahi kuhisi uwepo wa mwenza aliyefariki, na baadhi walimwona, walimsikia au walizungumza naye. Wengi walisema kwamba jambo hilo liliwafariji. Hawakuwa wendawazimu, na mama yako si mwendawazimu, wala wewe.

Tuseme basi, kwa ajili ya mazungumzo, kwamba mama yuko sahihi na baba yumo mle. Hata hapo, je, shamba ni lake la kuamua? Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo naona ndiyo mnayoifuata, mali ya marehemu hulipa deni na wasia kwanza, kisha inayobaki hugawanywa kwa warithi. Mama ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na ninyi mna mafungu yenu. Maana yake ni kwamba mama hawezi kuzuia peke yake, na mdogo wako hawezi kuuza peke yake, tena akaweka mashine ya boti kwenye hesabu kabla mgawo haujafanyika. Sikusikia katika barua yako kama yupo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa. Kama hayupo, Mahakama ya Mwanzo ndipo pa kuanzia, na jina la msimamizi hupendekezwa na kikao cha ukoo.

Kuna swali ambalo sikuona kama mama amewahi kumwuliza kasuku, nalo ni la deni. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume anasema kwamba nafsi ya muumini huning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Mama anahangaikia roho ya mumewe ilipo. Dini yake inamwambia kwamba kama ipo kamba inayoifunga roho hiyo, kamba yenyewe ni zile milioni sita, na kuifungua hakuhitaji mtaalamu. Nakusihi ulitumie neno hili kwa uangalifu mkubwa. Likisemwa na mdogo wako kwa hasira litakuwa fimbo. Likisemwa na wewe, jioni, mkiwa wawili, huenda likampa mama kazi ya kumfanyia marehemu badala ya kumsubiri aseme.

Tena kulipa deni si lazima kuwe kuuza shamba lote. Mdai anaweza kuombwa apokee kwa awamu kutokana na mavuno ya michikichi. Hatari yake ni kwamba mavuno hupanda na kushuka, na mdai akichoka atakwenda mahakamani. Shamba linaweza kukodishwa kwa misimu michache, ingawa wako wakodishaji wanaokamua kila kitu bila kupalilia. Sehemu yake inaweza kuuzwa na sehemu ikabaki. Ninaona mmegawanyika kati ya kuuza yote na kutouza kabisa, na sijui kama kuna aliyekwisha kwenda kumsikiliza mdai mwenyewe.

Sasa lile la Kasulu. Umeniuliza kwa nini huwezi kumwambia mdogo wako ndiyo, na nadhani sababu haihusu roho hata kidogo. Mtu aliyefiwa akaambiwa kwamba mpendwa wake ameruka hana kaburi la kwenda kuzuru. Ana dirisha la kuchungulia kila jioni. Mama atamtafuta ndege yule kwenye miembe ya Ujiji nzima, nawe utakuwa umesimama kando yake ukijua. Na Kigoma si jiji kubwa kiasi hicho. Mnunuzi ana marafiki, na marafiki wana midomo.

Upo pia upande wa sheria, ambao mdogo wako huenda haujui. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotoka porini ilipigwa marufuku baada ya nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kumpandisha ndege huyo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali zaidi, katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Kumvusha mpaka kwa ajili ya kumuuza ni kujitafutia kesi. Hata kumfuga mnyamapori nyumbani kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na sidhani kama mdaiwa yule wa ng'ambo alimleta ndege pamoja na karatasi. Kwenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya kuuliza utaratibu ndiyo njia iliyo wazi, lakini siwezi kukuficha kwamba huenda wakamchukua. Kumwachia aende zake porini, kama wengine watakavyokushauri, si huruma: aliyelishwa kwa mkono tangu utotoni hajui kutafuta chakula wala kumkwepa mwewe.

Mkiamua abaki, na hilo pia ni chaguo lenye gharama zake, yapo machache ya kufanya mapema. Tundu lirudi barazani angalau mchana, kwa sababu ndege hawa hutoa vumbi jingi la manyoya na wanaweza kubeba homa inayowaingia wanadamu kifuani; mama akipata homa na kikohozi, daktari aambiwe kwamba analala na kasuku, maana homa hiyo inatibika ikitambuliwa. Rekodini sauti yake kwenye simu, hasa kikohozi na kicheko, ili hofu ya kuipoteza sauti ya baba isitegemee pumzi ya ndege mmoja. Na mfikirie kwamba, kwa umri wanaofikia, huenda akaishi kuliko mama. Siku hiyo atakuwa na sauti mbili, na atakayemrithi ni mmoja wenu. Huenda ni wewe. Usinijibu mimi, lakini jiulize kama ungependa.

Kwa mdogo wako, ningemwomba aahirishe mpango wake bila kumwita mchoyo, kwa kuwa naye ana haki ya kuchoka: deni la baba linamtazama yeye sokoni kila siku, si mama. Mama apelekwe harusini kwa kweli, bila hila nyuma yake. Mwanamke aliyetoka eda akajifungia na tundu anahitaji ngoma za harusi kuliko anavyohitaji mihadhara yetu. Kisha akirudi, mtafutieni mtu mzima anayemheshimu, mathalani ndugu wa baba kama yupo, akae nanyi kuzungumzia deni na shamba tu, bila kumgusa kasuku wala imani ya mtu. Kikao hicho kifanyike nyumbani kwa mzee huyo, si kwenu, kwa sababu ndege akitamka neno lolote katikati ya mazungumzo, kila mmoja wenu atalichukua kuwa limesemwa kwa upande wake.